Mlio wa Bi Mkubwa

Gari liliingia katika maisha ya Mpiga Chapa kabla ya mke, ndiyo maana mke mwenyewe, wiki ya kwanza tu ya ndoa, akalipa jina la Bi Mkubwa. Alisema kama yeye ni mke wa pili basi aambiwe mapema, ajue zamu zake. Mpiga Chapa alicheka mpaka machozi yakamtoka, na jina likaganda. Lilikuwa gari la kale tangu siku hizo: rangi ya chai iliyozidi maziwa, taa za mbele za mviringo zinazokutazama kwa mshangao, usukani mkubwa mwembamba, na viti vya ngozi ambavyo mvua ikinyesha vilitoa harufu ya kabati la bibi. Watoto walizaliwa wakalikuta, wakasoma, wakaoa na kuolewa, wakaliacha.

Zaidi ya yote lilikuwa na mlio. Mlio wa chini, mzito, na kila baada ya mapigo machache pigo moja linarukwa, kwa sababu silinda moja ilikuwa mvivu tangu ujana wake. Fundi, mwenye gereji, aliwahi kujitolea kuitibu bure. Mpiga Chapa akamkatalia katakata, akasema ukimtoa mtu kigugumizi chake utampigia simu na usimjue.

Sababu ya kweli hakumwambia. Kila jioni, akitoka kwenye kiwanda chake kidogo cha kuchapa kadi na vitabu vya risiti, alikuwa akifika kwenye kona ya fundi viatu anapunguza gia, na Bi Mkubwa ananguruma. Kutoka pale mpaka nyumbani ni mwendo mfupi, nyumba chache na ukuta mmoja mrefu wa shule. Akifika, geti la kijani liko wazi, na mke wake amesimama pembeni, mkono mmoja kwenye komeo, anatabasamu bila kusema neno. Hakuwahi kupiga honi kwake, hata siku moja. Aliwaonea huruma wanaume wanaopiga honi mbele ya nyumba zao, kama watu wanaofukuza mbuzi njiani. Yeye alikuwa anasikika. Geti lile likishafunguka, hata siku ilikuwa mbaya vipi, moyo ulikaa mahali pake.

Kila Jumapili asubuhi wenye magari ya kale walikutana uani kwa Fundi, nyuma ya gereji, wakaegesha magari yao chini ya bati na kunywa chai kwenye vikombe vyenye alama za vidole vya grisi. Walikuwa na desturi moja ambayo mgeni akiiona angedhani amekosea njia akaingia hospitali ya vichaa. Mtu haruhusiwi kueleza ugonjwa wa gari lake kwa maneno. Lazima autoe kwa mdomo. Basi ungewakuta wazee wazima, wengine na wajukuu, wamesimama duara, mmoja anavimbisha mashavu na kutetemesha midomo, Fundi amefumba macho anasikiliza, kisha anasema, "Rudia hapo kwenye kupanda mlima," na yule anarudia, mate yanaruka. Baada ya hapo Fundi anafumbua macho na kutoa hukumu: plagi, au kabureta, au uzee tu. Hakukosea mara nyingi.

Katika hilo Mpiga Chapa hakuwa na mpinzani. Akimtoa Bi Mkubwa, na lile pigo lake la kurukwa, watu waligeuka kutazama nani amemwasha.

Sasa Jumapili moja walikuwa katikati ya mambo hayo wakashtuka Mwalimu yuko katikati yao, ndani ya gari jeupe, kioo kimeshuka, anawasalimia. Hakuna aliyemsikia akiingia. Mwalimu alikuwa mstaafu mpole aliyekuwa na gari dogo la bluu la milango miwili, na wiki ile alikuwa ameliuza kimyakimya akanunua la umeme. Walimzunguka kama aliyefumaniwa. Mmoja alilizunguka lile gari jeupe mara mbili akauliza friji hili linawekwa nyama upande gani. Fundi, ambaye alikuwa ameumia kuliko wote ingawa alijidai anatania, alimwomba Mwalimu atoe mlio wake. Mwalimu akasimama, akavuta pumzi, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Walicheka mpaka mmoja akaketi chini.

Lakini kicheko kilipokwisha hawakurudi kwenye mazungumzo yao ya kawaida. Fundi alitaka kujua, gari usilolisikia utajuaje linaumwa? Mwalimu akajibu taratibu kwamba labda haliumwi. Hapo pakawa na ubishi wa kweli. Kuna aliyesema betri zikichoka gari zima linakuwa takataka, na mwingine akasema sisi nasi tunaelekea hukohuko, mbona hatutupwi. Mmoja, mzee aliyefiwa na mke, alikiri huku akitazama kikombe kwamba amechoka kusukuma, kwamba magoti yake yanamwambia kila asubuhi achague moja, gari au magoti. Wengi waliinamisha macho. Ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja pale ambaye hakuwa ameliwazia jambo hilo akiwa peke yake, kama mtu anavyowaza dhambi ndogo.

Mpiga Chapa hakuchangia. Yake yalikuwa mezani tayari. Siku chache kabla, binti yake, muuguzi, alikuwa amekuja kula nao chakula cha mchana na kusema kwamba yeye na mume wake wamepata gari dogo la umeme, zuri, na wangependa kumsaidia baba kulichukua. Mwenye nalo amekubali kuwashikia mpaka mwisho wa mwezi. Ila ua wao ulitosha gari moja tu. Bi Mkubwa ingebidi aondoke. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida mno, kwamba na kifua cha mama kingepumzika. Mpiga Chapa akamgeukia mke wake. Mke akasema ni vumbi tu la kufagia, na kuuliza nani anaongezwa mchuzi. Binti alimtazama mama yake, halafu akatazama sahani. Mpiga Chapa aliuona mtazamo ule, akauacha upite.

Kifua alikijua. Alijua kuwa mke wake analalia mito mitatu, na alijua dirisha la chumbani linaloelekea uani halifunguliwi. Kila asubuhi yeye alikuwa akiliwasha gari chini ya dirisha hilo na kulipasha moto huku akiimba, kwa sababu gari la umri ule huliamshi ukaondoka nalo palepale, lazima lipewe muda wa kujikuna na kukohoa moshi wake. Mito aliiona ni mazoea ya uzee. Dirisha aliona limefungwa kwa ajili ya kelele. Mtu akipenda kitu hupata maelezo ya kila kinachokizunguka, na Mpiga Chapa maelezo alikuwa nayo mengi.

Lililomtesa lilikuwa swali moja, na alilibeba siku nzima huku mashine yake ya kuchapa ikipiga, karatasi zikishuka moja juu ya nyingine. Nikiwa na gari lisilo na sauti, atanisikiaje? Aliona aibu kumuuliza mtu. Mwishowe alimwambia Mwalimu, pembeni, huku anajifanya anafuta kioo. Mwalimu hakucheka. Alisema anasafiri kwenda kumwona mjukuu wake mchanga, na Bi Mkubwa mwenyewe ameshushwa gia, zote ziko chini kwa Fundi zinasubiri kipuri. Kwa nini asilichukue hili jeupe kwa siku chache, akaona mwenyewe?

Basi akalichukua.

Siku ya kwanza aliliendesha kama mtu anayetembea ndani ya usingizi wake. Alikanyaga, na barabara ikaanza kuja, bila kishindo, bila kutetemeka, kana kwamba ni mji ndio uliosogea na yeye ameketi tu. Mkono wake wa kushoto ulienda mara kadhaa kutafuta gia ambayo haikuwapo. Akipita mbele ya vioo vya maduka aliona gari jeupe linateleza na mzee ndani yake ameduwaa, na ilimchukua muda kukubali kuwa mzee yule ni yeye. Alijikuta anakumbuka vitu visivyo na mpango: shati alilovaa siku ya kumchumbia mke wake, harufu ya wino wa kwanza, mtoto wa kwanza amelala kiti cha nyuma cha Bi Mkubwa na kiatu kimoja. Hakuwa na hakika kama analipenda gari hili. Lilikuwa linamwacha peke yake sana.

Na jioni geti lilikuwa wazi. Aliliona kutoka mbali, liko wazi tupu, na mke wake ameketi barazani anachambua mchele. Alisema alitazama saa, akaona afungue mapema asije akamsumbua. Kesho yake vilevile. Mpiga Chapa alishukuru, akaingia, akala, lakini alikuwa amenyong'onyea. Geti lililofunguliwa mapema halikumwambia kitu. Lingeweza kuwa limefunguliwa kwa ajili ya muuza maziwa. Usiku ule aliamua moyoni: angempigia binti yake simu ya asante, angesema gari ni zuri ila si la kwao, na Bi Mkubwa angerudi nyumbani.

Hakupiga. Alisema atapiga kesho akitulia kazini, na kesho umeme ukakatika. Mashine ilishuka pumzi katikati ya kadi za harusi, jina la bwana harusi limetoka na la bibi harusi halijatoka. Alisubiri kidogo, akaona haurudi, akafunga mlango mchana kweupe na kuingia kwenye gari la watu, ambalo kwa kejeli ya dunia ndilo pekee lililokuwa na umeme mtaa mzima.

Mchana ule palikuwa kimya, redio zote zimekufa, na gari nalo halisemi. Mpiga Chapa alishusha vioo. Akaanza kusikia. Alikuwa amepita mtaa ule miaka na miaka ndani ya mngurumo wake mwenyewe, wala hakujua kuwa mtaa una sauti. Alisikia cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Alisikia mtoto anasoma kwa sauti, anakwama kwenye neno, anarudi nyuma na kulichukua tena. Alisikia maji yakimiminwa kutoka chombo hadi chombo, na mwanamke akicheka peke yake nyuma ya pazia, na shule nzima nyuma ya ule ukuta mrefu ikiitikia kitu kwa pamoja. Kwenye kona, nyundo ya fundi viatu ilikuwa ikigonga msumari mdogo, mara mbili na kupumzika. Aliinua mkono kumsalimu, na fundi viatu akashtuka, maana hata yeye hakuwa amemsikia. Mpiga Chapa akatabasamu. Akapunguza mwendo zaidi, asikose hata kimoja. Mwisho wa sauti zote hizo, akiwa ameshafika mbele ya geti la kijani lililofungwa, alisikia mtu anakohoa.

Alidhani ni jirani. Alishuka, akaingiza mkono kwenye tundu la geti na kulivuta komeo mwenyewe, akaliingiza gari uani taratibu. Jambo la kwanza aliloliona ni dirisha. Dirisha la chumbani, lile lisilofunguliwa, lilikuwa wazi mbawa zote mbili, pazia limetolewa nje linapunga, na mto mmoja umewekwa kizingitini upate jua. Na kikohozi kilikuwa kinatoka humo.

Mke wake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinamia beseni la maji ya moto, taulo limemfunika kichwa. Mabega yalikuwa yakipanda na kushuka. Kila pumzi aliipigania, ikaingia kwa mluzi mwembamba, na ikitoka ilitoka vipandevipande. Kwenye kiti pembeni kulikuwa na dawa ya kuvuta, chupa ya mafuta ya kuchua na kitambaa kilicholowa. Vyote vilipangwa kwa mkono uliozoea. Mpiga Chapa alibaki ameshika usukani, gari halina sauti, akatazama yale kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Mwishowe mke akafunua taulo, uso umelowa, na kumwona. Walitazamana kupitia dirishani.

"Umeingiaje?" akauliza.

"Nimefungua mwenyewe."

"Si ungepiga honi, mwenzangu." Alishaanza kukunja taulo, mikono haraka, akitafuta pa kulisukuma beseni. Kisha akaacha. Hapakuwa na haja tena.

Mpiga Chapa aliingia ndani na kuketi sakafuni karibu na miguu yake, kwa sababu kiti kilikuwa kimejaa dawa. Alimuuliza tangu lini. Mke alisema ni muda sasa. Binti anajua, ndiye anayemletea dawa, na aliapishwa asiseme. Akamuuliza inakuwaje basi yeye, mtu wa kulala naye na kula naye, hajawahi kumkuta hivi hata mara moja.

"Bi Mkubwa alikuwa ananiambia," alisema mke. Alizungumza polepole, akipumzika kati ya maneno. "Nikimsikia pale kwa fundi viatu najua nina nafasi. Namwaga maji, nanawa uso, navuta pumzi moja ya kunifikisha getini. Moja inatosha. Nikishafungua nanyamaza, wewe unaongea."

Ilikuwa kweli. Tabasamu lile bila neno, alilokuwa akilitamani njia nzima kila jioni, lilikuwa mtu aliyebana pumzi.

"Na usiku?"

"Usiku unakoroma."

Mpiga Chapa akauliza kama ni moshi. Mke akasema si moshi tu, kifua ni cha ukoo wao, lakini moshi umo, asimdanganye. Tangu Bi Mkubwa aende kwa Fundi amekuwa akifungua dirisha mchana, na jana, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, amelalia mto mmoja. Alilisema hilo kwa aibu kidogo, kama aliyekutwa anakula kitu peke yake.

"Kwa nini hukuniambia, mke wangu?"

Mke alilaza taulo magotini akalinyoosha pembe zake. "Nikikuambia nimekulazimisha uchague," alisema. "Na mimi niliogopa. Sikujua ungemchagua nani."

Aliisema kwa ile sauti yake ya utani, sauti ya zamu na uke wenza. Mpiga Chapa alisubiri kicheko kifuate. Hakikufuata. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu utotoni, ile inayoanzia masikioni na kushuka, kwa sababu hata yeye, kama angeulizwa jana, angeanza kwa kusema ngoja kwanza.

"Ningekuchagua wewe," alisema.

"Sasa ndiyo unasema," alijibu mke, na kumwekea mkono kichwani. Ulikuwa bado na joto la maji. Walikaa hivyo mpaka umeme ukarudi na redio za majirani zikaanza kusema zote kwa pamoja.

Bi Mkubwa alichukuliwa na mtu anayekodisha magari ya harusi, kwa hiyo ataishi kwa kubeba mabibi harusi, jambo ambalo mke wa Mpiga Chapa alisema ni adhabu inayomfaa. Siku ya kumkabidhi wote walikuja uani kwa Fundi. Mwalimu alikuwa amerudi, na picha za mjukuu. Gia zilikuwa zimerudishwa, boneti imepigwa polishi ikang'aa. Fundi alimshika Mpiga Chapa bega na kumwomba amtoe kwa mara ya mwisho, kwa mdomo, wamsikie. Mpiga Chapa alivimbisha mashavu. Midomo ikatetemeka yenyewe, kabla ya wakati wake, na akasema leo hana pumzi. Hakuna aliyemtania. Aliondoka akiwa ameligeuzia gari mgongo, na alilisikia likiwashwa, likiruka pigo lake, likipotea barabarani. Alilia njiani kama mtoto. Sioni sababu ya kumsitiri kwa hilo.

Gari la umeme lilikuwa dogo, la kijivu, na halikupewa jina. Mke alisema hataki mke mwenza mwingine, huyu akae tu kama mpangaji. Asubuhi Mpiga Chapa aliketi ndani yake chini ya dirisha lililo wazi, hakuwa na cha kupasha moto, na hakujua aimbe wimbo gani. Alipokuwa anatoka alimwomba mke wake kitu kimoja, kwamba asifungue geti mapema. Mke akauliza sasa atajuaje amefika. Akajibu atajua.

Jioni alifika kwenye kona ya fundi viatu na mkono ukaenda kutafuta gia, ukarudi mtupu. Alipita ukuta wa shule. Geti la kijani lilikuwa limefungwa. Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya honi, akakumbuka mbuzi, akakiondoa. Akashuka. Alitazama huku na huku. Fundi viatu alikuwa amesimamisha nyundo, anamwangalia bila kuficha. Basi liwalo na liwe. Mpiga Chapa alisogeza mdomo kwenye tundu la geti, akavimbisha mashavu, na Bi Mkubwa akatoka: kwanza kile kikohozi chake cha kuamka, kisha mngurumo wa chini, mzito, ukipunguza gia, na pigo moja likarukwa mahali pake palepale.

Halafu akasikia mke wake anacheka. Alicheka kwa nguvu, kutoka barazani, na kicheko kikamshika kifua, kikageuka kikohozi, kirefu, chenye mluzi, bila kuzibwa na kitu. Hakukimeza. Mpiga Chapa aliweka kiganja juu ya chuma cha geti na kusikiliza mpaka mwisho, na hata kilipokwisha hakuita wala kugonga. Miguu ya mke ilikuja taratibu, ikasimama njiani kupumzika, ikaendelea. Kisha komeo likavutwa.